Dakika Moja Niliyoificha

Mdogo wangu alinivunja mkono kwa spana ya magurudumu. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi, mlango ukiwa wazi na jua limejaa sebuleni.

Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Mtaa mzima wa Buyenzi unaijua habari hiyo. Wanajua kwamba mimi ni Mwanasiti, mwalimu wa hesabu. Wanajua kwamba mdogo wangu ni Massoudi, fundi wa giaboksi katika gereji ya Mzee Ilias. Wanajua kwamba alikuwa ameugua akili kwa miezi kadhaa.

Na wanajua nilichowaeleza siku ile. Lakini niliruka dakika moja.

Nimekaa na dakika hiyo miezi saba. Leo naiandika. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nitaiweka mahali pake, si kabla.

Massoudi ana miaka ishirini na tisa. Mama yetu alipofariki, alianza kusema kwamba injini zinamwita jina. Mwanzoni tulicheka. Fundi anayesikiliza injini ni fundi mzuri, hatukuona ajabu.

Kisha akaanza kuzijibu.

Siku moja alifungua giaboksi ya gari la mteja, akaitawanya sakafuni, akaketi katikati ya vyuma na mafuta siku nzima akibishana na mtu ambaye hakuna aliyemwona. Mzee Ilias alimleta nyumbani kwa upole, akaniomba nimpumzishe.

Nilimpumzisha kwa namna yangu.

Nilimwogesha. Nilimvalisha. Nilimkatia mkate na kumkorogea chai. Zana zake nilizificha chini ya kitanda changu. Nilipokwenda kufundisha, nilihakikisha kwanza kwamba yuko salama katika chumba cha nyuma.

Nilikuwa nikiamini kwamba hakuna dada katika mtaa ule aliyemtunza ndugu yake kuliko mimi.

Jumamosi hiyo akanigeukia na spana.

Pigo la kwanza nililikinga kwa mkono wa kulia, na mfupa wa chini ya kiwiko ukakatika. La pili lilipasua meza. La tatu liliingia ukutani karibu na sikio langu, na vumbi la chokaa likanijaa machoni.

Kisha akatoka barabarani.

Nje alikuwepo Zénon, fundi wa bati za magari, ananyoosha mlango wa teksi uliokunjamana. Alipomwona aliinuka, akafungua mikono, akamwambia atulie. Spana ilimpata mdomoni. Meno yake manne yaliangukia juu ya bati, moja baada ya jingine. Mlio wa meno yale ninao hadi leo.

Umati ulijaa kabla sijavuka kizingiti.

Mtaa wetu ni wa gereji. Mtu akisikia kelele, hutoka na chuma alichokuwa nacho mkononi. Walimpiga kwa mabomba ya moshi, kwa mikanda ya injini, kwa mpini wa jeki. Alianguka kando ya mtaro. Mtu mmoja alisimama juu ya mgongo wake kwa viatu vya kazi, na mwingine akawa anampiga miguuni kwa zamu, kushoto na kulia, kana kwamba anatwanga.

Ndipo mmoja wao akageuka, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Madamu, alikufanya nini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono unaning'inia. Nilisema, "Nilikuwa nimeketi, nasahihisha madaftari. Akanipiga bila sababu."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoleta tairi.

Buyenzi tairi halitafutwi mbali. Walimvisha shingoni hapo hapo alipolala, na sauti ikapita juu ya vichwa ikiitisha petroli.

Aliyemwokoa ni Mzee Ilias. Alikuja na kanzu yake nyeupe, mzito wa mwili, hawezi hata kukimbia vizuri. Alijitupa juu ya Massoudi na kumlalia, akasema wakiwasha, wawashe wawili. Wakampiga mateke ya mbavu, na baadhi ya miguu ile ilikuwa ya watu aliowafundisha kazi. Hakuinuka mpaka gari la polisi lilipofika.

Massoudi alipelekwa hospitali hana fahamu. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimesagika.

Watu walisema ni umati. Nami nikasema ni umati.

Wiki tatu za kwanza katika hospitali ya magonjwa ya akili zilikuwa za dawa. Injini zikapunguza sauti, ndivyo alivyonieleza. Lakini alikaa kitandani akiitazama mikono yake kama vitu vya mtu mwingine alivyoachiwa avilinde.

Kisha niliitwa na binti mmoja, jina lake Raïssa.

Sikuwa nimewahi kusikia kazi kama yake. Wenzake humwita ergoterapeute. Yeye alinieleza kwa maneno mepesi: dawa hutuliza ugonjwa, na yeye humrudishia mtu siku yake. Kuoga, kuvaa, kupika, kufanya kazi, kuketi na watu. Anatibu kwa shughuli.

Nikiri kwamba nilimdharau. Nilidhani ni namna ya kuwashughulisha wagonjwa wasisumbue, kama tunavyowapa watoto michoro ya kupaka rangi mvua ikinyesha.

Nilikuwa nimemwandalia Massoudi ratiba. Vipindi vya dakika arobaini, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kwa kalamu za rangi tatu. Raïssa aliisoma yote hadi mwisho.

"Hii ni muzuri kwa darasa, Madamu," alisema. "Massoudi alikuwa anafanya nini akiamuka, mbele ya kuenda kazi?"

Nilisema kwamba alikuwa anajiandaa.

"Anajiandaa namna gani?"

Sikujua. Aliuliza sasa ni nani anayemfunga vifungo vya shati. Nilisema ni mimi. Nani anamkatia mkate? Mimi. Nani anaamua atoke nje kuota jua? Nilijibu ni mimi, tena kwa fahari, kama mwanafunzi anayepata maswali yote.

Aliandika, akasema, "Sawa. Tumepata pa kuanzia."

Kisha aliuinua mkono wa Massoudi, akaugeuza taratibu, akaviangalia vile vidole viwili. Aliuliza anatumia mkono gani kufanya kazi. Nilisema wa kulia. Aliuliza siku ile alinipiga kwa mkono gani.

"Wa kushoto," nilisema.

"Na hivi vidole?"

"Umati."

Aliandika na hilo. Massoudi alikuwa akitazama dirisha.

Karakana ya Raïssa ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu, beseni la kunawia, na ubao mkubwa wa kijani ukutani. Juu ya ubao, kila zana ilikuwa imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe. Nyundo ilining'inia juu ya umbo la nyundo, bisibisi juu ya umbo la bisibisi. Ukitoa zana, umbo linabaki tupu, linakutazama. Hakuna aliyetoka mle mpaka maumbo yote yajae.

Niliupenda ubao ule mara moja. Niliuliza kama umewekwa kwa ajili ya wezi au kwa ajili ya wauaji.

"Apana," alisema Raïssa. "Ni kwa ajili ya kichwa. Mutu mwenye kichwa chake kinapiga kelele, anahitaji kitu kimoja kinamwambia: hapa kazi imeisha."

Alimwanzishia Massoudi kabureta ya pikipiki mbovu. Siku ya kwanza, kazi ilikuwa kutoa skrubu moja tu na kuiweka katika kikombe. Siku ya pili, kuirudisha. Vile vidole vilikuwa vigumu kama matawi, basi alimpa nati kubwa, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi. Nati moja ilimchukua nusu saa. Jasho lilimtiririka. Ilipoanguka na kubingiria chini ya meza, niliinama niiokote.

Raïssa alinishika bega.

"Kalia mikono yako, Madamu."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Niliketi nimekalia mkono mmoja, na ule wa plasta nimeubana mapajani, nikamtazama mdogo wangu akitambaa sakafuni kutafuta nati. Aliipata. Sijawahi kufanya zoezi gumu kuliko lile.

Wiki ya tano ya karakana ndipo damu ilipomwagika.

Meza ya pili alikuwepo Fortunat, mgonjwa aliyekuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikwama, ikaanza kunguruma. Massoudi aliinua kichwa. Nilikuwa mlangoni na niliuona uso wake ukibadilika, uso ule ule wa Jumamosi.

Aliichukua nyundo.

Pigo la kwanza lilipasua meza. La pili lilimpata Fortunat begani, akaanguka na cherehani yake, na sindano ikamchana shavu kutoka jicho hadi kidevu. Muuguzi alikimbilia upande wake, akateleza kwenye damu. Massoudi akavuka juu yao, akamwendea Raïssa nyundo ikiwa juu ya kichwa, anatetemeka, povu mdomoni, anamuuliza kwa nini anamwita, kwa nini hachoki kumwita.

Raïssa hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Massoudi, nyundo inakaa wapi?"

Mkono ulibaki juu. Nilihesabu, kwa kuwa mimi huhesabu: moja, mbili, tatu, hadi kumi na moja. Kisha macho yake yakahama. Yalikwenda ubaoni, mahali palipokuwa na umbo la nyundo, jeupe, tupu.

Alitembea. Akaitundika. Akaenda kwenye beseni, akanawa mikono hadi viwikoni kama wanavyonawa mafundi jioni, akalia.

Baadaye nilimwambia Raïssa kwamba nimeona muujiza. Alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta.

"Si muujiza. Ile nyundo tumeirudisha mara mia mbili, siku za amani. Na leo nilikosea. Nilisimama mbali na mulango."

Siku hiyo hiyo daktari alibadilisha kipimo cha dawa. Fortunat alishonwa nyuzi kumi na tatu. Juma lililofuata alirudi kwenye meza yake, ila alisogeza kiti mita moja.

Mwezi wa nne wa matibabu Massoudi aliruhusiwa kurudi nyumbani, na Raïssa akaja naye kutazama nyumba. Ni sehemu ya kazi yake. Alitazama jiko, alitazama kabati nililofungia visu, alitazama chumba cha nyuma.

Ukutani, usawa wa goti, palikuwa na pete ya chuma iliyochimbiwa ndani ya saruji.

"Hapa palifungwa nini?"

"Mbuzi wa Idi," nilisema.

Aliipitishia kidole. Pete ilikuwa imesuguliwa upande mmoja hadi inang'aa.

"Mbuzi wako alikuwa na nguvu," alisema, akaenda kutazama bafu.

Massoudi alikuwa nyuma yetu na kapu la nguo. Aliliweka chini polepole sana, ili lisitoe sauti.

Lililobaki ni gereji. Raïssa alinieleza bila kunificha: akikosa mahali pa kwenda asubuhi, tutarudi hospitali kabla ya mwaka kwisha. Mzee Ilias alikuwa tayari kumpokea. Mafundi hawakutaka hata kumsikia. Familia zao zilitaka apelekwe mahali fulani milimani, ambako wagonjwa hufungwa kwenye nguzo na kuombewa hadi watulie au wafe.

Miezi mitatu baadaye Mzee Ilias aliwaita wote siku ya Ijumaa, baada ya swala.

Wiki nzima kabla ya siku hiyo, Massoudi alikuwa akichora ubao wake mwenyewe, uwe kwenye kona yake ya gereji. Alipaka kijani, akachora maumbo meupe kwa vile vidole viwili ambavyo sasa viliweza kushika brashi. Hakunionyesha mpaka ulipotundikwa.

Walikuja kama ishirini. Zénon alisimama mbele.

"Mi nakula uji kama mutoto," alisema, na maneno yalimtoka kwa mluzi penye pengo. "Meno yangu ine iko wapi? Muko nasema amepona. Nani amemupima?"

Raïssa alianza kueleza. Zénon hakumsubiri. Aliokota mpira wa maji, ule mnene wenye shaba mwishoni, akauzungusha mkononi.

"Mi nitamupima."

Pigo la kwanza lilimpata Massoudi sikioni. La pili lilimpasua nyusi, na damu ikamfunika jicho zima. Massoudi alikuwa ameshika spana ya magurudumu, alikuwa akiionyesha kwa Mzee Ilias dakika hiyo hiyo.

Ishirini wale walirudi nyuma pamoja. Wengine waliinama kuokota vyuma.

"Piga basi," Zénon alisema. "Mwendawazimu. Piga, niko hapa, bado nina meno mingi."

Massoudi alipumua kwa kinywa. Vidole vyake vilikuwa vimekaza juu ya spana. Nilijua uzito wake, nilikuwa na mfupa wa kunikumbusha.

Akageuka. Alitembea hadi ubaoni, akaitundika spana juu ya umbo lake. Akaenda kwenye beseni, akatia sabuni ya unga, akaanza kunawa. Maji yakawa mekundu. Pigo la tatu lilimfikia mgongoni akiwa ameinama, shati likachanika, ngozi ikafuata. Alitikisika, akaendelea kunawa.

Mzee Ilias alimshika Zénon mkono. Zénon alikuwa analia sasa.

"Leo ametulia. Kesho je? Dada yake alikuwa ameketi na madaftari yake, hakumufanyia kitu. Mutu anapiga dada yake bure. Mi ataacha kunipiga juu ya nini?"

Hayo yalikuwa maneno yangu, niliyapanga mwenyewe, na miezi saba hayakuwa yamechakaa.

Mzee Ilias alijishika mbavu, akamgeukia Raïssa. Macho yake hayakunitazama.

"Binti yangu, siku ile nilimulalia. Siwezi kumulalia kila siku."

Niliona kwamba ameshaamua kumkataa. Nilimwona mdogo wangu milimani, kwenye nguzo.

Raïssa alikwenda ubaoni, akaanza kugusa maumbo moja moja kwa kidole, kama alivyofanya mwisho wa kila siku katika karakana. Spana, imerudi. Nyundo, imerudi. Koleo, imerudi. Yote yalikuwa yamejaa, isipokuwa moja, chini kabisa pembeni: umbo dogo la mraba, lenye upinde juu yake.

"Massoudi, hapa kunakosa kimoja. Ni chombo gani?"

Alikuwa amejibana kitambaa kwenye nyusi.

"Ile haiko ya gereji," alisema. "Iko kwa dada. Ataleta akiwa tayari."

Nilikuwa nimelitambua kabla hajafungua kinywa. Ni kufuli. Lilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya chaki na kalamu nyekundu. Nilikuwa nimelibeba miezi saba, sikuweza kulitumia wala kulitupa.

Hapa ndipo mahali pake. Naiandika sasa.

Kwa siku kumi na tisa nilikuwa nimemfunga mdogo wangu. Mnyororo wa pikipiki kwenye kifundo cha mguu, pete ukutani, kufuli lile katikati. Nilikwenda shuleni nikafundisha sehemu na asilimia, nikarudi mchana kumlisha. Nililiita jambo hilo usalama.

Jumamosi ile alilifungua kwa jino la uma. Ni fundi. Alitoka chumba cha nyuma ametulia, amenawa uso, amejifunga shati mwenyewe, vifungo vimepishana. Aliingia chumbani kwangu, akavuta spana yake chini ya kitanda, akaibeba kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alishika fremu ya mlango wa nje, ili avuke kizingiti.

Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Naenda kazi, dada."

Nililiokota kufuli, alilokuwa ameliangusha pale mlangoni, nikampiga vidole. Hakuiachia fremu. Nikampiga tena, mahali pale pale, kwa nguvu zangu zote, kama ninavyogonga meza darasa likinishinda.

Mfupa wa kwanza niliousikia asubuhi ile haukuwa wangu.

Hapo ndipo alipogeuka. Yaliyofuata mmeshayasoma, na yote ni kweli. Ila sikuwa nimeketi. Hapakuwa na madaftari.

Niliyasema hayo mbele ya watu wale ishirini, nimesimama, kwa mpangilio, bila kuruka. Kisha nilitoa kufuli mkobani, nikalitundika kwenye msumari. Lilienea juu ya umbo lake bila kubakiza hata ukingo. Alikuwa amelichora kwa kumbukumbu tu.

Zénon alinifuata. Uso wake ulikuwa umefura.

"Meno yangu ni we, Madamu. Na tairi. Mi ndiye nilibeba ile tairi. Damu mudomoni, nikaibeba, juu ya maneno yako."

Mpira ulinipata begani, shaba ikaingia kwenye nyama. Nilipiga magoti. Aliuinua tena, na sikujikinga. Niliona kwamba ni haki yake.

Pigo la pili halikushuka.

Massoudi alikuwa ameushika mpira kwa juu. Hakuwa na zana. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji na sabuni, na jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa damu. Alimtazama Zénon kwa lile jicho lililobaki.

"Zénon," alisema. "Hii inakaa wapi?"

Zénon alitazama mkono wake kama mtu anayeamshwa. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Kisha alionyesha kwa kidevu: bombani. Akatembea hadi pale, akauzungusha mpira mara tatu, akautundika juu ya bomba. Akabaki ameinamia pale, mabega yakitikisika.

Mzee Ilias alikohoa.

"Kesho saa moja," alisema. "Massoudi upande huu, Zénon upande ule. Mutu asivuke bila kuitwa."

Nilimuuliza Raïssa, alipokuwa akinifunga bega, tangu lini alijua. Tangu siku ya kwanza, alisema. Mtu wa mkono wa kulia hapigi kwa wa kushoto kama wa kulia bado ni mzima, na vidole hivyo vilikuwa vimevunjwa na mtu aliyelenga. Mara mbili alitaka kuyasema. Massoudi ndiye aliyemwomba angoje.

"We pia ulikuwa mugonjwa wangu, Madamu. Hukujua tu."

Polisi wameandika upya maelezo yangu. Mkurugenzi wa shule anayo barua yangu ya kukiri mezani na bado hajaijibu. Zénon hajanisamehe, nami sijamwomba afanye haraka. Lakini juzi, mlango wa lori ulipomlemea, alimwita Massoudi avuke, amshikilie bati.

Ile pete ya ukutani aliitoa Massoudi mwenyewe, kwa nyundo na tindo, mchana mmoja. Alipomaliza alikwenda kuzirudisha zote mbili kwenye ubao wa gereji kabla hata ya kufagia vumbi.

Enyi mnaoishi na mgonjwa wa akili, mimi mwalimu nawaambia nililojifunza nikiwa nimechelewa. Mpeni dawa zake kwa saa zake. Mpelekeni kwa wanaoijua kazi hiyo. Kisha mwachieni vifungo vyake, mkate wake, nati yake iliyoanguka. Kila ulichomfanyia ili mambo yaende haraka, ulimnyang'anya. Na ukiona ameinua mkono, jiulize kwanza wako ulikuwa wapi dakika moja iliyotangulia.

Siku aliyorudi nyumbani, vifungo vitano vya shati vilimchukua dakika ishirini na mbili.

Leo asubuhi vimemchukua dakika tisa. Nilikuwa nimeketi mbele yake, nimekalia mikono yangu.